Jani Lililokunywa Maji ya Udhu

Nililikuta tena mwaka huu, mwenzangu, mahali ambapo sikulitarajia hata kidogo: nje ya msikiti mmoja wa kando ya barabara mjini Garissa, pale maji ya udhu yanapotoka kwenye bomba fupi na kupotelea mchangani. Nilikuwa nimekuja harusini, nikashuka kwenye gari kununua maji ya kunywa. Jua lilikuwa lile la Garissa, lile linalokufanya uone hata kivuli chako kimechoka. Kote pale ni mchanga mtupu, mavi ya mbuzi na karatasi zinazokimbizana. Na chini ya lile bomba, lo! Jani la ayeyo. Limelala chini, limetandaa upana wa mkeka wa mtoto, vijani vinene vidogo kuliko punje ya mchele, na vijiua vya njano vimefunguka vyote vinalitazama jua machoni.

Nikachuchumaa pale pale na gauni langu la kwendea harusini. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea bodaboda yake akanitazama weee, kisha akaja.

"Mathe, umeangusha nini? Tukusaidie kutafuta?"

"Sijaangusha kitu. Nimeokota."

Akainama, akatafuta alichokosa kukiona. "Lakini hiyo si ni chakula ya mbuzi tu?"

"Najua, mwanangu. Najua sana."

Akacheka, akaniambia nichukue yote, walahi, hakuna mwenyewe. Nilichukua kidogo, nikakifunga ndani ya leso niliyoilowesha maji, nikakipakata njia nzima ya kurudi nyumbani. Tulipovuka daraja la Tana nilikuwa nimeshaanza kulia, na jirani yangu kwenye kiti akadhani nimetoka matangani.

Sasa wacha nikueleze, maana ukiniona nalilia jani bila kujua habari zake, utasema huyu mama ameguswa na jua.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akapelekwa Garissa nikiwa bado sijaanza shule. Sisi kwetu ni Kitui, kwa hivyo joto na ukame hatukuanza kuvijua huko. Lakini mama alikuwa akisema joto la Kitui lina adabu, linaondoka jioni. Tulipanga nyumba ya mawe yenye paa la bati na uwanja mkubwa mbele yake, uwanja usio na mti wala kivuli, umepigwa na jua tangu linachomoza hadi linazama. Upande mmoja tulipakana na bibi mzee wa Kisomali, na kati yetu na yeye palikuwa na ua wa matawi ya mathenge, miiba mitupu, ambao mbuzi na watoto tulijua njia zake zote. Watu wote mtaani walimwita ayeyo, yaani nyanya, na sisi tukamwita hivyo hivyo.

Ayeyo alikuwa amekulia kwenye mifugo, pande za Balambala. Ukame mmoja uliotangulia kuja kwetu ulimfagilia wanyama wote, ng'ombe na mbuzi, akabaki na mbuzi jike mmoja tu, mweupe mwenye masikio meusi. Akaja naye mjini wakiwa wawili hivyo, yeye na mbuzi wake, wakaishi kwenye boma la mwanawe. Mbuzi yule alilala ndani, tena si pembeni. Mama alipouona usingizi wa mbuzi yule juu ya mkeka mzuri alikaribia kuzimia.

Asubuhi za pale nazisikia hadi leo. Adhana kwanza. Kisha mikokoteni ya punda wa maji, mitungi inagongana, mwenye punda anapiga mluzi. Kisha harufu ya anjera kutoka kwa ayeyo, ile ya unga uliochacha ukikutana na kikaango cha moto, na moshi wa uvumba aliokuwa akifukizia nguo zake. Na katikati ya yote hayo, fagio la mama. Shaa, shaa, shaa.

Huyo mama yangu alikuwa mtu wa fagio. Kwetu uwanja wa mwanamke ndio uso wake, na uso wa mama ulikuwa hauna doa. Alifagia kabla ya kupika, kabla ya kusema na mtu, akirudi kinyumenyume ili nyayo zake zisiharibu ile mistari. Ukikanyaga mistari kabla baba hajaiona, ole wako. Vumbi lilipanda, likasimama hewani kama limeitwa mkutano, kisha likaingia ndani ya nyumba. Mama akafagia na ndani.

Ayeyo alisimama upande wake wa ua akitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, P zake zilikuwa B na Z zake S, na mimi nilikipenda kuliko Kiswahili cha redio.

"Mama mwalimu," alisema siku moja, "hii ardhi imekukosea nini?"

"Naondoa takataka, nyanya."

"Takataka iliisha kitambo. Sasa unaondoa ngosi."

Mama alicheka, akaendelea. Ngozi ya ardhi! Alimsimulia baba jioni, wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Mdogo wangu akazaliwa pale. Alizaliwa mzima, mnono, lakini alipoanza kukaa kifua kikaanza. Sijui kama umewahi kukaa karibu na mtoto anayetafuta pumzi. Mbavu zinaingia ndani, shingo inakazana, na ile sauti ya filimbi nyembamba inayotoka kifuani hata akiwa amelala. Mimi nilikuwa nikihesabu kupumua kwake kwa vidole vyangu, nikiogopa vidole vitafika mwisho. Daktari alisema ni vumbi. Akasema, "Muondoeni kwenye vumbi." Garissa! Mama alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya uwanja, akauangalia huku na huku. "Nimuondoe nimpeleke wapi, juu ya bati?"

Baba aliomba uhamisho, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa asubiri kama wenzake. Basi mama akatoa neno lake wakati wa chakula, na mama akitoa neno hakuwa anapandisha sauti: kiangazi kikikolea na kifua cha mtoto hakijatulia, angetuchukua sisi watoto turudi Kitui, baba abaki na chaki zake. Nikasukuma sahani yangu ya muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa ya kwetu. Nilimpenda baba yangu, na sikutaka kuchagua.

Baba alijaribu. Wacha nimsemee, alijaribu sana. Alikwenda kwetu akaleta nyasi ndani ya gunia, nyasi zenye mizizi na udongo wake mwekundu, akazipanda jioni akiwa amekunja suruali. Zikamwagiwa maji ya punda, mtungi baada ya mtungi, mpaka mama akauliza kama tutakunywa nyasi. Zilisimama kidogo, zikawa za manjano, zikawa za kijivu, kisha upepo ukazichukua na ule udongo mwekundu ukaja mpaka ndani ya sufuria. Ayeyo aliyafuatilia hayo yote. Baadaye akaniuliza mimi, kwa kunong'ona, kama ni kweli mwalimu alikuwa akipa nyasi maji ya kunywa. Nikasema ndiyo. Akashika kichwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu akipanda nyasi; yeye alijua kuzifuata zilipo tu.

Sasa sikiliza hapa. Karibu na ua, upande wake, ayeyo alikuwa na jiwe la bapa alilolikalia kutawadha. Kila sala birika lake dogo, maji kidogo, mikono, uso, miguu. Uwanja wake uliinamia kwetu, na yale maji yaliyoanguka yalipita chini ya miiba yakaingia kwetu hatua moja mbili hivi, yakanywewa na mchanga. Hapo ndipo jani lilipokuwa likiota. Kila siku linaota, na kila alfajiri fagio la mama linapita nalo. Mimi nililiona, na sikulifikiria hata mara moja. Nani atafikiria jani?

Kisha mama akashikwa na malaria, ikamlaza. Fagio likalala naye. Alipoinuka na kutoka nje ameshika ukuta, kando ya ua palikuwa na kipande cha kijani. Si kikubwa. Lakini kijani, rafiki yangu, katika uwanja ule, bila mtu kukipa hata kikombe cha maji ya punda! Na vile viua vya njano. Vilifunguka jua lilipopanda na kufikia mchana mkali vikajifunga. Mama alishika fagio, akaenda mpaka pale, akasimama.

Ayeyo alikuwa upande wa pili na mbuzi wake. Akasema, "Leo uwanja yako inabumua."

Upepo ulikuja, ule wa saa nne unaozunguka na kuinua kila kitu, na uwanja wote ukanyanyuka kama kawaida, isipokuwa pale. Pale hapakunyanyuka kitu. Nilimwona mama akiona. Akaenda ndani, akaja na mtoto na mkeka, akamlaza pembeni ya lile jani, upande ambao upepo ulikuwa ukitokea kwenye majani. Akakaa chini, akamtegea sikio kifuani. Alikaa hapo mpaka baba akarudi kutoka shuleni na kukuta hakuna chakula.

"Shh," mama akamwambia. "Sikiliza."

Baba akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akasikiliza. Hakukuwa na filimbi.

Basi mama aliacha kufagia upande ule. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini hukuwajua wanawake wa kanisani kwetu, wake za maofisa waliotoka bara kama sisi, ambao walipita Jumapili wakaona mistari ya fagio inaishia katikati. "Siku hizi mama mwalimu umechoka?" waliuliza kwa upole wenye meno. Mama aliuma mdomo. Kwa ajili ya kifua cha mwanawe aliuachia uso wake uwe na ndevu, na hilo lilimuuma kweli kweli.

Kile alichokiacha alikilinda kama kabati la vyombo. Alikizungushia mawe. Ole wetu tukikanyaga. Na mbuzi wa ayeyo, ambaye alikuwa amelijua jani lile kabla yetu sote, alitoa kichwa kila siku kati ya miiba, na kila siku mama alimwonyesha fimbo. Ayeyo aliomba msamaha kwa niaba ya mbuzi. "Hajui mbaka, mama mwalimu. Sisi wote hatukujua mbaka, tulijua nyasi tu."

Lakini usidhani walikosana. Kila asubuhi kikombe cha maziwa ya yule mbuzi kilipita juu ya ua, cha moto, chenye harufu ya moshi kutokana na kile chombo alichokifukiza. Mdogo wangu kila baada ya kubanwa na kifua alikuwa akikataa kila kitu, uji akitema, titi akigeuka, lakini maziwa yale aliyanywa mpaka akalamba kikombe. Mama alirudisha kikombe na muthokoi ndani yake, na ayeyo aliula akishangaa watu wanaotwanga mahindi ili kuyavua nguo.

Kisha mvua ikakosa kuja.

Ukame wa pale hauji kwa kishindo. Unaona tu watu wa nje ya mji wanaongezeka mjini. Unaona punda wa maji wanachelewa. Harufu ya mizoga inaingia ikitoka njia ya Ijara, na wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wanasimama juu ya mapaa wakisubiri, hawana haraka. Ayeyo alianza kutoka alfajiri na mbuzi wake kwenye kamba, wakienda kutafuta chochote cha kutafuna, na kurudi jioni wote wawili wakiwa vumbi tupu. Mbuzi alikula maboksi ya karatasi. Alikula mkeka mzuri.

Kikombe kiliendelea kuja. Kilikuja nusu, kikaja robo, lakini kikaja. Na jani letu, kwa sababu ya yale maji ya udhu ambayo ayeyo hakuyapunguza hata maji yalipokuwa ya taabu, lilikuwa bado kijani. Ndilo lilikuwa kijani pekee mtaa mzima. Watu walipita wakachungulia wakasema mashaallah.

Siku moja mama alinituma kurudisha kikombe, kisha akanifuata mwenyewe kwa sababu nilichelewa. Ayeyo alikuwa amekaa jikoni anakunywa chai, akanikaribisha. Mama akaingia, akasalimia, akatupia jicho kile kikombe cha chai. Ilikuwa ya rangi. Huyu ni mwanamke ambaye chai bila maziwa aliiita maji ya kuoshea chombo. Mama akatazama boma zima, akatafuta maziwa mengine kwa macho, na hayakuwapo. Yote yaliyotoka kwa mbuzi yule yalikuwa yanapita juu ya ua.

"Nyanya, maziwa yako yako wapi?"

"Si kijana amekunywa? Ameshiba?"

"Nakuuliza yako."

"Mimi nimesaliwa kwenye masiwa," akasema, akacheka na meno yake machache. "Nimekunywa tosha."

Mbuzi alikuwa amelala pembeni. Ayeyo akamshika kumwinua waende, na mbuzi hakuinuka. Akamwinua kwa mkia, jinsi wanavyofanya. Miguu ya mbele ikasimama, ya nyuma ikakataa. Ayeyo hakulia wala hakuomba kitu. Alimpapasa tu masikio yale meusi akimwambia maneno ya Kisomali, taratibu, na wala hakutazama upande wetu wa ua. Naapa hakutazama hata mara moja, na kule kutotazama kwake ndiko kulikomkata mama maini.

Mama alitoka. Alizunguka mpaka lango letu, akalifungua wazi, akalikandamiza na jiwe. Akarudi.

"Mshike kule mbele," akaniambia, "mimi nashika nyuma."

Ayeyo akasimama. "Habana. Habana, mama mwalimu. Hiyo ni kifua ya kijana."

"Na huyu ndiye maziwa yake," mama akasema. "Shika mbuzi, nyanya, usinitie machozi."

Tukambeba watu watatu, kama kitanda. Mama akaondoa yale mawe yake aliyoyapanga kwa mikono yake, akamtua mbuzi katikati ya vile viua vya njano. Mbuzi hakuamini. Aliinua kichwa kumtafuta mwenye fimbo. Kisha akaanza. Alikula akiwa amelala, baadaye akapiga magoti, na jua lilipoelekea kushuka alikuwa amesimama kwa miguu yake yote minne anakanyaga huku na huku, kwato zinasukuma vipande ndani ya mchanga, vingine vinamdondoka mdomoni, akivibeba kwenye manyoya, akienda navyo hadi mlangoni kwetu. Alikuja siku iliyofuata, na ile nyingine. Akaling'oa, akalipasua, akalitawanya. Mwisho pakabaki pamechakaa, vumbi kama kwingine.

Baba alipoona alichuchumaa akachota lile vumbi kwa kiganja. Mama akamwambia, "Usiniulize. Hata mimi sijui kama nimefanya jambo la akili."

Na upepo ukaja, si unajua. Ilikuwa mchana, jua utosini, uwanja wote ukainuka na safari hii hapakuwa na pa kulaza mtoto. Kifua kikambana kuliko siku zote. Midomo ilibadilika rangi. Mama alitundika leso mbichi mlangoni, akamfunika na nyingine, akamshika wima akimpigia mgongo, akisema "vuta baba, vuta, vuta." Mimi nilisimama sina la kufanya. Nilimchukia yule mbuzi, nikamchukia na mvua. Ayeyo alisikia, akaingia kwa lile lango lililokuwa bado wazi, akakaa chini na mama mpaka pumzi ikarudi. Kisha akampa yale maziwa. Yalikuwa kikombe kizima.

Jioni ile mama alitoa masanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zetu.

Asubuhi yake, kabla ya fagio, nilisikia kitu kinaburuzwa. Nikatoka. Ayeyo alikuwa analivuta lile jiwe lake la udhu, bapa zito lile, ametoka nalo kwake, amezunguka barabarani, anaingia nalo langoni kwetu amejikunja mara mbili. Akaliweka karibu na mlango wetu. Akakaa. Akatawadha taratibu, maji yakaanguka kwenye uwanja wetu mkavu, akainuka akaenda kusali.

Mama alikuwa mlangoni. "Nyanya, unafanya nini?"

"Sijui kubanda," ayeyo akasema. "Mimi najua kusali tu. Maji hii imeshamaliza kasi yake kwangu. Ikae kwako."

Adhuhuri akaja tena, akalisogeza jiwe mbele kidogo kabla ya kukaa. Alasiri vivyo hivyo. Kesho yake akaja mwanawe na wakwe zake, na birika zao, watu wa boma lile wote wakawa wanatawadhia kwetu, wakisalimia, wakisogeza jiwe. Lilikuwa linazunguka uwanja kama linatafuta kitu. Wanawake wa kanisani waliuliza kama tumesilimu. Mama akawajibu kwamba udhu umemwagika kwake mpaka na yeye ametakata, na kama wana maji walete na yao. Masanduku hayakurudi chini ya kitanda, lakini hayakufungwa pia.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Nilikuwa nimechuchumaa mlangoni napiga mswaki kwa kijiti, na pale jiwe lilipokuwa limeanza, mchanga ulikuwa umetoa alama. Kitu chekundu kidogo, chembamba, chenye vijani viwili. Nikadhani ni mdudu. Nikatazama mbele yake, kingine. Na kingine. Kila mahali kwato zilipobonyeza kipande na jiwe likapita na maji yake, pale pale, mwenzangu, kilikuwa kimeinua kichwa. Niliita kwa sauti ambayo mama alidhani ni nyoka. Akaja mbio na fagio juu juu, akaona, fagio likamtoka mkononi.

Tulipita kuzunguka uwanja sote wanne, mtoto mgongoni, tukifuata njia ya jiwe. Hatukukanyaga. Baba alivua viatu bila mtu kumwambia. Ayeyo aliingia na birika lake akatukuta hivyo tumeinama, akainama na yeye, akaweka kidole kwenye kijani kimoja kama anayegusa uso wa kichanga. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah. Imekufa, halafu angalia."

Mvua ilipokuja mwishowe, sikuwahi kuona kitu kama kile tena maishani. Vile vipande vilikuwa vimesubiri tu. Vilishikana mikono. Tangu mlangoni hadi langoni uwanja ukawa kijani, na saa nne ya asubuhi viua vikafunguka vyote kwa pamoja, njano tupu, mtu unajikinga macho. Tulisimama mlangoni hatujui tukanyage wapi. Muda wote ule mama alikuwa amelifungia jani ndani ya mawe likabaki kitambaa, kumbe lilikuwa linasubiri mdomo wa mbuzi. Tangu siku hiyo lango letu halikufungwa. Mbuzi aliingia, akala, akavunja, akakanyaga, akaondoka, na jani likasonga mbele zaidi. Vumbi lilikwisha. Filimbi ya kifuani ikapungua, ikawa ya mara moja moja, na siku moja tukagundua hatujaisikia muda mrefu. Mama akayarudisha masanduku chini ya kitanda.

Uhamisho wa baba ulikuja baada ya miaka mingi, wakati hakuna aliyeutaka. Siku ya kuondoka ayeyo alimshika mdogo wangu kifuani kwa viganja viwili, akasikiliza, akatingisha kichwa akaridhika. Hatukumwona tena. Safari hii ya harusi nilipita kwenye ule uwanja wetu. Ni ghorofa sasa, na chini wametandika matofali ya simiti, safi, yamekazwa, hakuna hata ufa. Ayeyo yuko chini ya mchanga wa mji ule. Lile jiwe sikuliona.

Mimi nina nyumba yangu siku hizi, kwenye mbuga kavu nje ya Nairobi, na mama amezeeka anaishi nami. Baba alitutangulia. Mdogo wangu ni refa wa mpira, anakimbia dakika zote tisini na kupuliza filimbi ya mkononi, na akicheka sebuleni majirani wanafunga madirisha. Nililipanda lile jani mbele ya mlango, kwenye jua kali. Lakini kwanza mama alinipokonya leso alipoona ni nini. Akalinusa, akalipaka mashavuni. Tangu hapo, kila alfajiri anafagia, polepole, lakini mistari bado imenyooka, na akifika pale ananyanyua fagio, anazunguka, anashusha upande wa pili.

Limeshika. Lakini limebaki pale pale nilipoliweka, ukubwa ule ule wa leso. Nimelimwagilia, nimelipa mbolea, na bado haliendi. Juzi nikamwambia mama labda udongo wa huku si wake. Mama alinitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wale wanawake wa kanisani.

"Udongo una kosa gani? Hili linataka mbuzi."

Tukacheka. Kisha akauliza, na nikaona hakuwa anatania, "Hapa jirani hakuna mtu mwenye mbuzi?"

Nikatazama ukuta wangu na wa jirani, wa mawe, mrefu kuliko mtu, na nyaya za umeme juu yake. Ni miaka sasa tumepakana, na simjui kwa jina wala kwa uso. Najua mlio wa gari lake tu. Nikamwambia sijui, mama.

Jua lilikuwa linapanda, viua vinaanza kufunguka. Alijikongoja mpaka langoni, akatoa kufuli, akalisukuma likawa wazi kabisa, akatafuta jiwe akalikandamiza. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi akimaliza kufagia, anakwenda kulifungua, anakalia kiti chake kando ya lile jani, na anaitazama barabara.